Tarehe ya Kuumia Kazini: Namna ya Kuilinda Haki ya Fidia

Msimu wa pamba unapofunguliwa, vijana wengi wa Kata ya Mwamanyili hutoka majumbani kutafuta vibarua: kupakia marobota, kuhudumia mashine za kuchambua pamba, kulinda maghala, kuendesha malori ya kuelekea Mwanza. Wengine, msimu uwe umefunguliwa au haujafunguliwa, hufundisha shuleni, huuguza wagonjwa katika zahanati, hujenga barabara na miradi ya maji, au hufanya kazi katika nyumba za wageni za Lamadi, kwenye njia ya kuingilia Serengeti. Kazi hizi hazifanani, wala ujira wake haufanani. Lakini mbele ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, wote husimama mahali pamoja: anayeumia akiwa kazini, au anayeugua kwa sababu ya kazi yake, ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia.

Haki hiyo ina adui asiyepiga kelele, naye ni kalenda. Jeraha huonekana, na watu hulionea huruma. Siku zinazopita haziumi, na kwa sababu hiyo hazihesabiwi na mtu. Mfanyakazi aliyevunjika mguu hujiambia kwamba atashughulikia karatasi akipona. Akipona, hujiambia kwamba atasubiri mavuno yaishe. Siku anapofika ofisini na bahasha yake mkononi, swali la kwanza analoulizwa ni ajali ilitokea lini, na la pili ni nani aliarifiwa, na siku gani. Somo hili linahusu maswali hayo mawili.

Chombo kinachosimamia fidia hiyo Tanzania Bara ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaofahamika kwa wengi kwa herufi zake WCF. Ulianza kupokea michango mwezi Julai 2015, na kulipa fidia mwaka mmoja baadaye, Julai 2016. Michango hiyo hutolewa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili hiyo. Hapa ndipo wakazi wengi huchanganya mambo. Makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara kwa jina la NSSF au PSSSF ni ya hifadhi ya jamii, yaani pensheni ya uzeeni na mafao yanayoambatana nayo. Fidia ya kuumia kazini ni mlango mwingine, una ofisi yake na taratibu zake. Mtu aliyepeleka barua yake NSSF akidhani ameshadai fidia ya ajali, kwa hakika hajadai kitu, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa.

Haki hii haimwangalii mwenye ajira ya kudumu peke yake. Mkataba unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, wa miaka au wa msimu mmoja. Jambo linalotazamwa ni kama mtu huyo alikuwa akimfanyia kazi mwajiri kwa ujira. Anayejiajiri mwenyewe, kama mvuvi mwenye mtumbwi wake ziwani au kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki yake, hayumo katika utaratibu huu.

Sheria imeweka vipimo viwili vya muda, na vyote viwili huanzia kwenye tukio lenyewe. Kipimo cha kwanza ni cha mwajiri. Anapopewa taarifa ya ajali, au anapoijua kwa njia nyingine yoyote, anatakiwa aipeleke kwa Mfuko ndani ya siku 7. Kipimo cha pili humgusa mfanyakazi na familia yake. Madai ya fidia yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu ugonjwa wa kazi ulipothibitishwa na daktari, au tangu siku ya kifo iwapo mfanyakazi amefariki. Miezi 12 husikika kuwa mingi. Lakini ukiondoa miezi ya kulala hospitali, miezi ya kuuguzwa kwa shemeji Mwanza, na miezi ya kungoja mwajiri aliyesema "tutaona", hubaki michache sana.

Tuseme kibarua mmoja, wa mfano tu, anateguka mgongo tarehe 10 Julai akishusha robota kutoka kwenye lori. Ujira wake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Siku ile ile wenzake wanamshika mkono hadi kivulini, msimamizi anampa shilingi 20,000 za dawa, na jioni anarudi nyumbani kwa baiskeli ya jirani. Hakuna kilichoandikwa. Anakandwa kwa maji ya moto na dawa za miti wiki 3, kisha anakwenda zahanati, ambako mtoa huduma anaandika kwenye daftari: "maumivu ya kiuno". Mwezi Oktoba anapelekwa hospitali, na picha inaonyesha tatizo kubwa la uti wa mgongo. Mwaka unapinduka. Mwezi Agosti unaofuata, baada ya kusikia habari za fidia msibani, anafunga safari kwenda kudai.

Kinachomkwamisha mtu huyu ni karatasi. Ajali yake ilikuwa ya kweli na mgongo wake umeharibika kweli. Hata hivyo, hati ya kwanza inayotaja maumivu yake haitaji kazi, hati ya pili imekuja miezi 3 baada ya tukio, na madai yake yamefika mwezi mmoja baada ya mlango kufungwa. Kama angepoteza miezi 6 ya kazi kwa ulemavu wa muda, fidia ya asilimia 70 ya ujira wake ingekuwa shilingi 210,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,260,000 kwa miezi hiyo 6. Malipo ya namna hiyo yanaweza kuendelea hadi miezi 24 ikiwa daktari ataona bado hajaweza kurudi kazini. Na kama mgongo huo haukupona kabisa, kuna hesabu nyingine kubwa zaidi ya ulemavu wa kudumu. Aliyepimwa kuwa na ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa fedha za mkupuo mmoja. Aliyezidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Hayo yote yamefungwa katika siku ile ya Julai ambayo hakuna aliyeiandika.

Katika nchi nyingine jambo hili limepewa jina na utaratibu wake. Nchini Marekani, mwanajeshi wa zamani aliyepata ulemavu kutokana na utumishi wake anaweza kwanza kupeleka tamko fupi la nia ya kudai, kabla hajakusanya vyeti vya hospitali wala ushahidi mwingine. Tamko hilo humshikia tarehe kwa mwaka mmoja. Akikamilisha madai yake ndani ya mwaka huo na yakakubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ya tamko, hata kama uamuzi wenyewe ulichelewa. Askari aliyechelewa kutoa tamko hupoteza miezi ambayo hakuna daktari anayeweza kumrudishia. Utaratibu wa Tanzania haufanani na huo kwa kila kitu, kwani hapa muda huanzia kwenye ajali yenyewe na hakuna tamko la kuusimamisha. Lakini somo la askari wale linafaa hata kwa mbeba marobota: taarifa hutangulia, ushahidi kamili hufuata. Anayesubiri mpaka bahasha yake ijae ndipo aseme ameumia, amepanga mambo kinyume.

Basi taarifa hiyo hutolewaje? Inaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na inaweza kutolewa na mfanyakazi mwenyewe au na mtu mwingine kwa niaba yake. Kwa hiyo aliyelazwa akiwa hajitambui hajafungiwa mlango. Mke, mume, kaka au mfanyakazi mwenzake anaweza kwenda kusema. Hata hivyo neno la mdomo lina kasoro inayojulikana. Msimamizi aliyeambiwa mwezi Julai huenda amehamia Shinyanga ifikapo Desemba, au amesahau, au ameshauriwa asahau. Ni salama zaidi taarifa ya mdomo ifuatwe siku hiyo hiyo, au kesho yake, na karatasi.

Karatasi hiyo haihitaji wakili wala Kiswahili cha mahakamani. Inatosha kuandikwa hivi: "Mimi, mpakiaji wa marobota katika kiwanda chako, naleta taarifa kwamba siku ya Jumatatu tarehe 10 Julai, saa 4 asubuhi, nikiwa nashusha robota kutoka kwenye lori katika uwanja wa ghala, niliteguka mgongo na sikuweza kuendelea na kazi. Waliokuwapo ni wenzangu wawili, ambao majina yao nimeyaandika hapa chini. Naomba ajali hii iandikwe katika kumbukumbu za kiwanda na ipelekwe kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi." Chini yake jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya simu, sahihi au dole gumba, na tarehe. Hiyo tarehe ya mwisho, inayoonyesha siku barua ilipoandikwa, ni rahisi kusahaulika, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko maneno yote yaliyo juu yake.

Barua iandikwe nakala mbili. Moja ibaki kwa mwajiri, ya pili irudi na mfanyakazi ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa au kusainiwa na aliyeipokea, pamoja na siku aliyoipokea. Mwajiri akikataa kusaini, kukataa kwake hakubatilishi kitu. Barua inaweza kupelekwa mbele ya shahidi, au picha yake ikatumwa kwa simu kwenye namba ambayo msimamizi huitumia kuwaita vibarua kazini. Ujumbe wa simu hubeba siku na saa yake wenyewe, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kufuta ujumbe ili kupata nafasi kwenye simu, au kuuza simu pamoja na ushahidi wote uliomo.

Simu hiyo hiyo inaweza kujibu swali jingine gumu: je, mtu huyu aliajiriwa kweli? Kibarua wa msimu mara nyingi hana barua ya ajira. Lakini ikiwa alikuwa akilipwa kwa simu, kila ujumbe wa muamala unaonyesha jina la aliyetuma, kiasi na siku. Jumbe 8 za malipo ya kila Jumamosi, kutoka kwa mtu mmoja, ni vigumu kuzieleza kwa namna nyingine isipokuwa ajira. Anayelipwa taslimu hana budi kutegemea daftari la mahudhurio na macho ya wenzake, na kwa sababu hiyo inafaa aandike majina na namba zao mapema, kabla msimu haujaisha na kila mmoja hajarudi kwao.

Baada ya mwajiri, mahali pa pili ambapo tarehe huandikwa au hupotea ni dirisha la zahanati. Mgonjwa wa Usukuma, kama wagonjwa wa mahali pengi, huenda kwa mganga na kusema mahali panapouma. Hasemi alikuwa akifanya nini. Mtoa huduma mwenye foleni ya watu 40 naye haulizi. Hivyo daftari la wagonjwa wa nje hujaa "maumivu ya kiuno", "jeraha la mkono", "jicho jekundu", na hakuna mahali palipoandikwa mashine, robota, ngazi wala dawa ya kupulizia pamba. Mgonjwa anapaswa kusema wazi, na kuomba iandikwe: nimeumia kazini, leo, saa fulani, nikifanya kazi fulani. Sentensi hiyo moja katika kadi ya matibabu ya siku ya kwanza ina uzito kuliko barua ndefu ya daktari bingwa iliyoandikwa mwaka mmoja baadaye, kwa sababu iliandikwa kabla mtu yeyote hajawaza habari za fedha.

Anayepata ajali ya barabarani akiwa kazini, kama dereva, utingo, au mtumishi aliyetumwa na ofisi yake, anahitaji pia fomu ya polisi inayojulikana kama PF3. Barabara ya Mwanza hadi Musoma inayokatiza wilaya hii ina magari mengi, na si kila anayegongwa humo yuko kazini. Fomu hiyo na maelezo ya kituo cha polisi ndivyo vitakavyoonyesha gari lilikuwa la nani, lilitoka wapi na lilikuwa likienda kufanya nini. Nakala yake ihifadhiwe. Ya awali hubaki mahali pengine, na majalada husafiri.

Jambo la majina linaonekana dogo, nalo hukwamisha watu kweli kweli. Katika vijiji vingi vya Simiyu mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ukoo alilopewa na bibi yake, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la utani ambalo ndilo linalojulikana kazini. Daftari la vibarua limeandika la tatu, zahanati imeandika la pili na la babu, NIDA ina la kwanza na la baba. Kwa anayepitia madai hayo ofisini, hao ni watu watatu. Njia rahisi ni kutaja jina moja tu la kitambulisho kila mahali tangu siku ya kwanza. Aliyekwisha kuchanganya atahitaji hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na ni afadhali aitafute mapema kuliko kuitafuta mwezi wa 11.

Magonjwa yana tarehe ngumu zaidi kuliko ajali, kwa kuwa hayana siku ya kuanguka. Mfano ulio karibu na wakazi wa mkoa huu ni vumbi la pamba. Mfanyakazi anayelivuta kwa miaka anaweza kupata ugonjwa wa mapafu ambao waganga huuita bisinosisi. Dalili yake ya mwanzo ina tabia ya pekee. Kifua hubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, yaani Jumatatu kwa wengi, kisha hulegea kadiri wiki inavyokwenda. Ndiyo maana katika viwanda vya nguo vya nchi nyingi umeitwa homa ya Jumatatu. Miaka ikipita, kubana huko huhamia hadi Jumanne na Jumatano, na mwishowe hubaki siku zote. Mgonjwa kama huyo anaweza kutibiwa pumu, au kupimwa kifua kikuu mara kadhaa, pasipo mtu yeyote kumuuliza anafanya kazi gani. Hali ni hiyo kwa vijana wanaorudi nyumbani kutoka migodi ya Geita na Shinyanga wakiwa na vumbi la mawe mapafuni, na kwa waliopunguziwa usikivu na mlio wa mashine.

Kwa magonjwa hayo, siku inayohesabiwa ni ile ugonjwa ulipothibitishwa kuwa ni wa kazi. Hilo ni jambo la nafuu kwa aliyeacha kazi kabla ya kuugua. Kuondoka kiwandani hakumfutii haki yake. Lakini ni nafuu yenye ncha. Daktari anapomwambia mtu kwa mara ya kwanza kwamba mapafu yake yameharibiwa na vumbi, saa imeanza kugonga, hata kama mgonjwa mwenyewe alikuwa akisikiliza habari za dawa tu. Inafaa amwombe daktari aandike jina la ugonjwa, sababu yake na siku, na atoke na nakala. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala ujulikanao kama OSHA, inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wake wanapoanza kazi, wakiwa kazini, na wanapoondoka. Karatasi za vipimo hivyo huonekana kama usumbufu siku zinapotolewa. Mtu aliyepimwa akiwa na mapafu mazima mwaka 2019 na yenye ugonjwa mwaka 2024 ana hadithi inayojieleza yenyewe.

Wapo waajiri wanaotoa taarifa ndani ya siku 2, na wapo wanaoona kila ajali kuwa aibu ya kufunikwa. Njia ya kufunika inayotumika sana ni mkono wa pole. Mfanyakazi huletewa shilingi 200,000 nyumbani, pamoja na mchele na maneno mazuri, akaambiwa mambo yaishie hapo. Kupokea pole si dhambi. Adabu ya Kisukuma yenyewe haimfukuzi mgeni aliyekuja kumpa mgonjwa pole. Lakini fedha hiyo si fidia, na haimwondolei mwajiri wajibu wa kutoa taarifa. Anayeombwa kusaini karatasi wakati wa kupokea pole aisome yote kwanza, au asomewe na mtu wake, na asiweke dole gumba kwenye karatasi tupu kwa sababu yoyote ile.

Mwajiri akinyamaza, mfanyakazi hana sababu ya kunyamaza naye. Anaweza kuupelekea Mfuko taarifa moja kwa moja, na anaweza kumwona Afisa Kazi wa Mkoa. Kabla ya hapo, ofisi ya Mtendaji wa Kijiji na ya Mtendaji wa Kata zina kazi moja muhimu ambayo haigharimu nauli ya Bariadi wala ya Mwanza, nayo ni kupokea nakala ya taarifa, kuigonga muhuri wenye tarehe, na kumwandikia mwananchi barua ya utambulisho. Muhuri huo haumlipi mtu fidia, na ofisi ya kata si mahali pa kuwasilishia madai. Unachofanya ni kuthibitisha kwamba kufikia siku fulani mtu huyu alikuwa amekwisha kusema kwamba ameumia, na alisema mahali gani. Mwajiri ambaye hajajisajili kwa Mfuko amevunja sheria; kosa hilo ni lake, na lisimfanye mfanyakazi aone aibu ya kutoa taarifa.

Kifo kina utaratibu wake na uchungu wake. Mfanyakazi anapofariki kwa ajali ya kazini, sheria inatambua msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi, hasa mjane au mgane na watoto. Familia nyingi hungoja matanga yaishe, kisha hungoja arobaini, kisha hungoja mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na ukoo ukivutana mwaka mzima huisha. Taarifa ya kifo haihitaji kungoja mirathi. Mtu mmoja wa familia akatoe taarifa wiki hiyo hiyo, wakati cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vikitafutwa taratibu. Aliyefunga ndoa ya kimila bila cheti aanze mapema kukusanya uthibitisho wa ndoa hiyo kwa viongozi na wazee walioishuhudia, kwa maana wazee nao hawakai milele.

Madai yakishapokelewa, kazi ya tarehe haijaisha. Malipo ya ulemavu wa muda hutegemea ripoti za daktari zinazosema mgonjwa bado hawezi kufanya kazi, na ripoti iliyochelewa huacha pengo. Kila anapokwenda kliniki mgonjwa aulize ripoti inayofuata inatakiwa lini na nani ataipeleka. Jeraha likifika mahali ambapo halitapona zaidi ya hapo, hupimwa kiasi cha ulemavu uliobaki. Mtu asirudi kazini kwa kulazimishwa siku mbili kabla ya kipimo hicho, akaonekana kwenye daftari la mahudhurio akibeba mizigo ambayo mgongo wake hauwezi kuibeba.

Mwisho huja barua ya uamuzi. Ikiwa madai yamekataliwa, au asilimia iliyopimwa inaonekana ndogo, sheria inaruhusu kuomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie tena uamuzi wake, na baada ya hapo kuna ngazi za rufaa. Nafasi hizo nazo zina muda wake, mfupi kuliko ule wa miezi 12. Kwa hiyo barua ikifika, iwe kwa posta, kwa mwajiri au kwa mkono wa mjumbe, aliyeipokea aandike nyuma ya bahasha siku na saa aliyoipokea, na bahasha yenyewe isitupwe.